Nafanya dayati na mazoezi lakini kilo zinapanda, na mume hajui kama nachoma sindano

Shikamoo anti,

Naomba jina langu lisitoke. Niko Dar, Segerea, nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili, nafanya uhasibu kwenye duka la jumla Kariakoo. Nakuandikia usiku huu maana usingizi umegoma na sina mtu wa kumwambia haya yote kwa pamoja, kila mtu anajua kipande chake tu.

Anti mimi nanenepa na sielewi nanenepa na nini. Mwaka juzi nilikuwa na kilo 67, sahivi nina 79 na urefu wangu ni sentimita 160. Na sio kwamba nimekaa tu nakula. Saa kumi na moja alfajiri niko barabarani na kikundi chetu cha jogingi, tunakimbia mpaka karibu na Kinyerezi tunarudi, Jumamosi tunaungana na vikundi vingine. Ugali usiku nimeacha, wali nimeacha, soda nimeshaisahau, chai naweka sukari nusu kijiko. Asubuhi nakunywa smuzi ya parachichi na ndizi na maziwa, mchana kazini nachukua kwa mama ntilie samaki na mboga za majani au maharage ya nazi bila wali, jioni foleni ikikaza kwenye daladala nakula karanga maana niliambiwa ni nzuri kwa dayati, usiku matunda au supu basi. Mwanzoni kilo mbili zilitoka nikafurahi, zikarudi na wenzake.

Majuzi nilienda kwa fundi kushona sare ya sendofu ya wifi yangu. Fundi akazungusha tepu kiunoni, akaangalia, akaizungusha tena, akaandika kwenye daftari lake bila kusema neno, na huyu ni mtu ambaye kila siku ana maneno. Nilipofika mlangoni ndio akaniambia nitafute yadi nyingine, kitenge hakitoshi.

Mume wangu ni dereva wa malori ya Zambia, anaweza kupotea wiki tatu. Safari hii aliporudi akaniangalia akasema mama umejiachia siku hizi. Alikuwa anacheka lakini anti iliingia. Mama mkwe yeye ndio kabisa, anasema nimenawiri, kwake ni sifa, halafu anamalizia na mjukuu wa tatu lini.

Sasa hapo ndipo kwenye tatizo la pili. Mimba ya pili nilipata kifafa cha mimba. Presha ilipanda nikaangukia nyumbani, nikapelekwa usiku, oparesheni ya dharura, mtoto akakaa wodi ya watoto njiti siku nyingi, mimi mwenyewe kuna siku mbili tatu pale katikati sizikumbuki kabisa. Nilipotoka nilijiapiza sitaki tena. Mtoto alipofikisha mwaka na kidogo nikaanza kuchoma sindano ya miezi mitatu, na mume hajui. Anajua tunasubiri mtoto akue. Sasa mtoto ana miaka mitatu na mume ameshaanza kuuliza, mbona kimya, au twende tukapime. Kadi ya kliniki naificha kwenye droo kazini.

Wanawake wote kwenye kikundi wanasema sindano ndio inanenepesha, niache nitapungua. Na kuna dada kazini anauza dozi ya kupunguza mwili, vidonge na chai, laki moja na nusu kwa mwezi, anasema ni mitishamba tupu haina madhara, status yake imejaa picha za wateja wake kabla na baada. Huyu dada namuamini kwa sababu ndiye anayenichanganyia losheni ya kung'arisha, natumia mwili mzima huu mwaka wa pili sasa na ngozi imekaa vizuri. Ila siku hizi nimetoka michirizi ya zambarau tumboni na mapajani ambayo hata mimba zote mbili hazikuniachia, na nikijigonga kidogo tu panavilia damu, nadhani ni mwili unavyotanuka. Uso nao umejaa mpaka kwenye picha sijitambui. Nachoka sana. Nikichuchumaa kufua nainuka kwa kushika ukuta. Kiongozi wetu wa jogingi anasema sijakaza.

Nimefikiria niache sindano kimya kimya kama nilivyoianza, mwili urudi, na mimba ikiingia basi Mungu anajua. Halafu nikikumbuka ile hospitali najikuta natetemeka. Anti niache sindano? Ninunue hiyo dozi? Nimwambie mume wangu au nikae kimya? Nisaidie maana nimechoka kujificha na nimechoka kukimbia bila kupungua.

Mama wawili, Segerea

*

Marahaba mwanangu,

Pole sana. Barua yako nimeisoma mara kadhaa na kila nikirudia naona kitu ambacho mara ya kwanza nilikipita. Umeniuliza kuhusu kilo, ila ndani ya hizo kilo umeweka hofu ya kufa na siri ya ndoa, na kuna jambo la losheni ulilogusia kidogo tu ukaendelea na mengine. Mimi sio daktari, sitakuambia una ugonjwa gani, lakini nimekaa na wanawake wengi kwenye haya mambo na nitakuambia ninachokiona, uamuzi ubaki kwako.

Kwanza naomba uache kuamini kwamba hujakaza. Mtu anayeamka saa kumi na moja, akimbie, aoge, apande daladala ya Segerea mpaka Kariakoo na ashinde anapiga hesabu za watu amekaza vya kutosha. Inaniuma mtu akisema mwili wake umebadilika anajibiwa ongeza mbio, kana kwamba mwili una sababu moja tu ya kunenepa. Sababu ziko nyingi, na baadhi haziondoki kwa mazoezi hata ukikimbia mpaka Kibaha.

Tuanze na chakula, nitapita haraka maana sidhani kama shida yako kubwa iko hapo. Chakula chako ni kizuri, ila baadhi ya vitu unavyoviona vyepesi vina nguvu nyingi kuliko unavyodhani. Parachichi moja la wastani lina kalori kama 240 na bado hujaweka ndizi wala maziwa. Karanga za kushika mkononi, gramu 30 tu, zinafika 170, na kwenye foleni ya Buguruni nani anahesabu gramu. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kalori 120 hivi, na mama ntilie hapimi kwa kijiko, anamimina, na maharage yenyewe ya nazi. Upande wa pili, mtu wa uzito wako akikimbia nusu saa mwendo wa kawaida anachoma kama 300. Kwahiyo inawezekana kabisa wali umeuacha na nguvu zake zikaingia kwa mlango mwingine. Sisemi uache parachichi, ni chakula kizuri sana. Nasema ukitaka kujua ukweli wa sahani yako andika kila kinachoingia mdomoni kwa wiki moja, hata cha kuonja wakati unapika, bila kujihukumu, na hiyo karatasi uende nayo kwa daktari. Na mzani tumia mmoja, asubuhi, kabla ya kula, maana wale vijana wa pima uzito barabarani mizani yao haifanani, leo unafurahi kesho unalia na mwili ni ule ule.

Lakini kilo 12 na hayo mengine uliyoandika, hapana, mimi sitaki tuishie kwenye karanga.

Sindano sasa. Wenzako wa kikundi hawajakudanganya, kwa baadhi ya wanawake sindano ya miezi mitatu inaongeza uzito na hata maelezo ya mtengenezaji wa Depo-Provera, ndiyo sindano hiyo, yanasema hivyo: kwa wastani kilo 2 na nusu hivi mwaka wa kwanza, na kama 3.7 ukifikisha miaka miwili. Huo ni wastani, kuna anayeongeza nyingi na kuna asiyeongeza hata moja. Ila angalia hesabu wewe mwenyewe, mhasibu. Umeongeza 12. Inawezekana wewe ni wa kundi la wanaoongeza nyingi, na inawezekana pia sindano imechangia sehemu na sehemu iliyobaki ina mwenyewe mwingine. Kabla ya kuibebesha sindano kesi yote ningependa tumtafute huyo mwingine.

Na hapo ndio nairudia losheni.

Mwanangu naomba usome hapa taratibu, na usiogope. Nyingi ya hizi losheni za kuchanganya za kung'arisha, mkorogo tunaoujua, huwa zimetiwa dawa za steroidi kama clobetasol au betamethasone. Hizi ni dawa halali kabisa za magonjwa ya ngozi, daktari anakuandikia tyubu ndogo upake sehemu ndogo kwa muda mfupi. Clobetasol yenyewe ya hospitali maelekezo yake ni isizidi gramu 50 kwa wiki na isizidi wiki mbili mfululizo. Sasa mtu akipaka mwili mzima, kila siku, mwaka wa pili, kitu ambacho hakijaandikwa kina nini ndani, dawa haiishii kwenye ngozi. Inapenya inaingia kwenye damu, na mwili unakuwa kama wa mtu anayemeza vidonge vya steroidi kila siku. Na steroidi ikizidi kwa muda mrefu huwa inafanya nini? Mafuta yanakusanyika tumboni, mgongoni chini ya shingo na usoni, uso unajaa unakuwa wa duara. Ngozi inakuwa nyembamba, inatoka michirizi mipana ya zambarau, ukijigonga kidogo panavilia damu. Misuli ya mapaja inaisha nguvu mpaka mtu anashindwa kuinuka akichuchumaa. Presha na sukari vinapanda.

Rudi kwenye barua yako uone ulichoandika mwenyewe. Michirizi umesema ni unene unatanua ngozi, na uchovu mwenzako amesema ni uvivu wa mazoezi. Inaweza kuwa hivyo. Lakini mtu anayekimbia alfajiri kila siku mapaja yake yanatakiwa yawe na nguvu, na wewe unainuka kwa kushika ukuta. Hicho kitu kimoja kingenitoa mimi kitandani kwenda hospitali.

Tafadhali sana, usisome hapa ukaenda kuitupa losheni usiku huu huu. Najua ndilo jambo la kwanza linalokuja akilini. Kama kweli ina steroidi, tezi zako zilizo juu ya figo ambazo ndizo hutengeneza homoni ya kortisoli zinaweza kuwa zimelala, kwa sababu mwili umezoea kuletewa. Ukikata ghafla, mwili unabaki hauna ya nje wala ya ndani, na mtu anaweza kuishiwa nguvu kabisa, kutapika, presha kushuka, akazimia, na huko ni kuhatarisha maisha. Daktari ndiye anayejua jinsi ya kukushusha kidogo kidogo na kukulinda wakati tezi zinaamka. Kwahiyo ni kuwahi hospitali, wiki hii, na kopo lenyewe mkononi. Hutakuwa wa kwanza kufika na kopo, na hata daktari akikuangalia kwa jicho la kukulaumu, vumilia mwambie kila kitu.

Na yawezekana kabisa nimekosea. Yawezekana kopo lako halina steroidi na chanzo ni tezi ya shingo, thairoidi, ikifanya kazi chini ya kiwango mtu anachoka, anasikia baridi, choo kinakuwa kigumu, nywele zinakatika na uzito unapanda kiasi, kipimo chake cha damu kinaitwa TSH. Yawezekana ni homoni za ovari, ambazo kwa sasa ni ngumu kuzishtukia kwa sababu sindano yenyewe huwa inavuruga au inakata hedhi. Usingizi mbovu na mawazo navyo vinaongeza njaa na uzito, na wewe huo usingizi huna. Kipimo cha mimba nacho upime, hata kama sindano hujakosa, ni cha dakika chache tu kinaondoa wasiwasi. Presha na sukari ndio usitoke bila kupimwa, tena wewe uliyepata kifafa cha mimba, maana mwanamke aliyepitia hiyo kitu anabaki na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata presha na magonjwa ya moyo huko mbele. Sijui kama kuna mtu alikuambia hilo siku unaruhusiwa. Wengi hawaambiwi.

Dozi ya laki na nusu. Sina sababu ya kumtukana huyo dada, labda naye anaamini anachouza. Ila swali langu ni moja, ndani kuna nini? Neno mitishamba halijibu hilo swali. Chai nyingi za kupunguza tumbo ni sanamaki, inaharisha, unapungua maji unaona kilo mbili zimeondoka na mafuta yako palepale, ukiendelea nayo muda mrefu unapoteza madini ya potasiamu ambayo moyo unayategemea. Vidonge ndivyo vinanitisha zaidi. Kuna dawa inaitwa sibutramine, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, na mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimeendelea kuikuta imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba ya kupunguza mwili. Inapandisha presha. Wewe na presha mna historia. Kama bado unaitaka hiyo dozi, mwombe akuonyeshe paketi na usajili wake wa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, kisha ichukue uende nayo kwa daktari pamoja na lile kopo kabla hujameza hata kimoja. Akikataa kukupa paketi hapo utajua cha kufanya.

Sasa nije kwenye lile zito.

Unafikiria kuacha sindano kimya kimya mwili urudi. Hapo nina mambo mawili ya kukuambia. La kwanza, uzito wa sindano hauyeyuki kwa sababu tu umeiacha, unatoka polepole kama uzito mwingine na kwa wengine haurudi ulipokuwa. La pili, uzazi nao haurudi kwa ratiba. Kwa wengi inachukua kama miezi kumi tangu sindano ya mwisho kushika mimba, wengine zaidi, lakini yai linaweza kupevuka mapema tu baada ya ile miezi mitatu kuisha. Kwahiyo unaweza kuacha, ukakaa karibu mwaka mume anauliza mbona kimya na mkwe anaanza kutafuta mganga, au unaweza kuacha na mimba ikaingia kabla hujajua presha yako ikoje, na uzito huu, na kama mkorogo una kitu basi nao bado uko kwenye damu. Unene mkubwa na kifafa cha mimba iliyopita vyote vinaongeza uwezekano wa hali ile kujirudia. Kuna wanawake wengi wamepata kifafa cha mimba na baadaye wakazaa salama kabisa, sitaki ubaki na picha ya kaburi. Lakini wale walijiandaa, walipimwa kabla, walifuatiliwa toka wiki za mwanzo, wengi walipewa aspirini ya kiwango kidogo na daktari, wakajifungulia palipo na wataalamu. Ile ya "ikiingia basi Mungu anajua" ndiyo inayonipa mimi hofu.

Kuendelea na sindano ni chaguo halali. Kubadilisha pia ni chaguo. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa, hakiongezi uzito, kinakaa miaka kumi na zaidi na kikitolewa uzazi unarudi mara moja, kasoro yake ni hedhi inaweza kuwa nzito na tumbo kuuma hasa miezi ya mwanzo. Kijiti cha mkononi kina homoni, kipo cha miaka 3 na cha miaka 5, baadhi wanalalamika uzito na damu isiyo na mpangilio. Vidonge vyenye homoni mbili usijinunulie duka la dawa, mtu mwenye presha havimfai na wewe presha yako ya leo huijui. Kliniki ile ile unayochomea sindano watakueleza yote, vituo vya serikali huduma hii ni bure, na mwanamke mtu mzima haombwi kibali cha mume. Ila usiache kimoja kabla ya kushika kingine.

Na mume. Hapa sitakuambia sema wala nyamaza, mimi simjui, wewe ndiye unalala naye. Nitakuuliza tu. Umesema hajui kuhusu sindano. Je, anajua kuhusu hofu? Yule aliyekukuta umeanguka, au aliyepigiwa simu akiwa njiani Tunduma akaambiwa mkeo yuko chumba cha oparesheni, naye alipita kwenye usiku wake, na huenda hamjawahi kukaa mkaongea kuhusu ule usiku hata mara moja. Wanaume wengi wa safari wanarudi na zawadi na utani, mambo mazito wanayaacha barabarani. "Umejiachia" ni neno baya, limekuumiza na una haki ya kuumia. Lakini sijaona kwenye barua yako mahali ambapo amekutishia au amekupiga. Kama yapo na hukuandika, basi usalama wako na wa watoto unatangulia kila nilichoandika hapa na ile kadi ibaki huko huko kazini.

Kama hayapo, njia sio mbili tu za kusema yote au kufa na siri. Unaweza kuanza na mwili, baba fulani naumwa, uso umejaa, miguu haina nguvu, naenda hospitali, nataka twende wote ukirudi. Hilo ni kweli tupu na halihitaji sindano ndani yake. Halafu mbele ya daktari mumuulize wote wawili, mimba ya tatu kwake ni hatari kiasi gani? Mume anayesikia kifafa cha mimba kutoka kwa daktari mara nyingi anasikia tofauti na anavyosikia kutoka kwa mke. Hapo sindano inaweza kuja yenyewe, nilikuwa naogopa nikaanza kujikinga. Hatari ya njia hii ni kwamba atauliza tangu lini, na ukishataja ni muda mrefu atajisikia amedanganywa, huenda akanuna, huenda akampigia mama yake, na hapo utahitaji mtu mzima mmoja unayemwamini, shangazi yake au kaka yako, awe anajua mapema. Hatari ya kunyamaza nayo unaijua: amekwambia twende tukapime. Siku mkifika kwenye vipimo vya uzazi na daktari akauliza njia gani ya uzazi wa mpango mnatumia, wewe utajibu nini? Bora mazungumzo uyapangie siku wewe mwenyewe kuliko yakukute kwenye benchi la kliniki.

Akisema anataka mtoto wa tatu na wewe hutaki kabisa, hilo nalo ni la kuongea kwa jina lake, lisijifiche nyuma ya mtoto bado mdogo. Na ukigundua moyoni kwamba unataka ila unaogopa, ni jambo tofauti kabisa, lina njia yake na maandalizi yake. Barua yako haijaniambia ni lipi kati ya hayo. Nadhani hata wewe hujajiuliza, maana hofu imejibu kabla yako.

Jogingi usiiache kama inakupa furaha na wenzako, ila punguza ukali mpaka umepimwa, tembea siku ambazo miguu inakataa, na usiongeze kujinyima chakula juu ya uchovu huo.

Siku ya kwenda, beba kopo la losheni, kadi ya sindano itoe huko kwenye droo, karatasi ya chakula, na andika tarehe michirizi ilipoanza. Nenda mapema, kipimo cha kortisoli huchukuliwa asubuhi, na mwambie daktari wazi kwamba unapaka kitu usichokijua, kwa sababu mtu anayeingiza steroidi kutoka nje kortisoli yake mwenyewe husoma chini, na daktari asiyejua kuhusu kopo anaweza kuhangaika na majibu hayo bila kuelewa. Ukiona unatapika, kizunguzungu kikali, kuzimia, au kichwa kinagonga na macho yanaona ukungu, usisubiri hiyo siku, nenda usiku huo huo, mpigie jirani. Majibu yakitoka niandikie, nitapenda kujua.